Sarafu Yenye Kiini Kilichohama

Mashine ya kufulia iliitema tena sarafu. Yolande aliiokota kwenye kijisahani cha chuma, akaipangusa kwenye sketi, akaitumbukiza upya, nayo ikarudi vilevile kwa mlio wake mkavu. Shuka zilikuwa zimeshaingia ndani, sabuni imeshamwagwa, na nyuma yake, mle katika duka la kujifulia kwa sarafu, alisimama mwanamume mmoja mwenye mfuko mkubwa wa nguo, akisubiri kwa ule uvumilivu wa watu wanaotaka uvumilivu wao uonekane.

"Labda ni bandia, madame," yule mwanamume alisema kwa Kifaransa.

Yolande aliona haya kana kwamba ameichonga yeye. Akatafuta nyingine ndani ya pochi, mashine ikaikubali na kuanza kunguruma. Ile iliyokataliwa alibaki nayo kiganjani, na alipoketi kwenye benchi, chini ya taa nyeupe, ndipo alipoitazama vizuri.

Ilikuwa sarafu ya euro mbili, yenye pete ya rangi ya fedha na kiini cha rangi ya dhahabu kama zote. Lakini kiini hiki hakikukaa katikati. Kilikuwa kimehamia upande mmoja na kuipanda pete, kama kiini cha yai lililovunjwa vibaya kwenye kikaango. Mistari ya ramani iliyochorwa juu yake ilipita kwenye kiini na kwenye pete bila kujali kwamba mambo yameharibika. Aliigeuza, akaigeuza tena. Nguo zilizunguka mbele yake na yeye hakuziona.

Alijua ilikotoka. Kanisa lao lilikutana katika ukumbi wa kukodi pale Laeken, Brussels, nyuma ya karakana ya matairi, na benki ilikuwa inatoza ada kwa kila mfuko wa sarafu uliopelekwa. Kwa hiyo Papa Jean-Marie, mweka hazina, alizoea kutangaza kila Jumapili sadaka ikishahesabiwa: mwenye kutaka sarafu aje na noti. Watu walikuja. Mmoja alitaka za kufulia, mwingine za kufungulia toroli za dukani, mwingine za kumpa mtoto shuleni. Yolande alikuwa mmoja wa wanawake wawili waliohesabu, na kila Jumapili alitoa noti yake mbele ya wote akachukua sarafu za kufulia. Hakuwahi kuzichagua. Alizikusanya tu kwa kiganja kama mtu anayezoa maharage.

Hakuiba. Hilo alijiambia pale pale kwenye benchi, kabla mtu yeyote hajamwuliza.

*

"Lete kwanza nione," alisema Séraphin, mume wake.

Tangu mgongo ulipomwachisha kazi ya kupakua mizigo, Séraphin alishinda mezani, na kila kitu kilichoingia nyumbani alitaka kukishika. Aliisogeza sarafu kwenye mwanga wa dirisha. Binti yao Hadassa, anayesomea uuguzi, alikuwa ameshaanza kutafuta kwenye simu.

"Papa, angalia. Inaitwa kosa ya fabrication, ya kiwanda. Kuna batu banauza. Huyu anasema deux mille."

"Deux mille nini?"

"Deux mille euros. Lakini huyu mwingine aliuza yake quarante."

"Achana na huyo wa quarante. Soma ule wa deux mille."

Hadassa alicheka, lakini aliacha bei ya euro arobaini akasoma ile ya elfu mbili. Kulikuwa na video za vijana waliozungusha sarafu mbele ya kamera na kutaja bei zilizomfanya Séraphin asimame, akasahau mgongo, kisha akakaa tena taratibu. Nyuma yao, kwenye ukuta wa chumba cha Hadassa, ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi usawa wa kitanda. Walishapata nyumba nyingine kavu, mitaa michache kutoka hapo. Mwenye nyumba alitaka dhamana ya miezi miwili, na dhamana hiyo hawakuwa nayo.

"Mungu anajua anwani yetu," alisema Séraphin.

"Ni ya kanisa," alisema Yolande.

"Ulilipa, haukulipa?"

"Nilichenja."

"Kuchenja ni kulipa. Ukinunua samaki ku marché, ukakuta pete mu tumbo yake, unarudisha pete kwa muuza samaki?"

"Sikununua samaki, Séraphin. Ilitoka mu kikapu ya sadaka."

"Na kama mashine ingekubali, ungerudisha? Ungefua nguo, imekwisha." Aliigonga sarafu mezani. "Kikapu kilikupa pièce mbovu. Kuko muntu alikuja kukuambia pole, maman, shika ingine?"

Yolande alivua viatu vyake. Hakuwa mwepesi wa maneno. Yalimjia baadaye, akiwa peke yake jikoni. Lakini safari hii yalikuja palepale.

"Kama ni deux euros, miye si mwizi. Kama ni deux mille, batasema ni mwizi. Na kitu ni kimoja. Nilifanya kitu kimoja."

Hadassa aliipiga sarafu picha, mbele na nyuma, akasema atamtumia binamu yake Larissa tu, kwa sababu Larissa anajua mambo ya kuuza vitu mtandaoni.

*

Larissa aliishi Auderghem pamoja na mama yake, Cécile, dada wa Séraphin. Picha ilifika kwa binti ikiwa na swali, ikatoka kwa mama ikiwa na jibu. Cécile aliituma kwenye kundi la akina mama wa kanisa: *Mungu anatenda! Maman Yolande ameokota deux mille euros mu kikapu.* Hakuwa na nia mbaya. Alimpenda wifi yake, na alidhani anatangaza baraka.

Siku ya maombi ya akina mama, Yolande aliingia ukumbini na mazungumzo yakakatika kama redio iliyochomolewa. Kisha mmoja akasema, "Karibu, maman deux mille," na wote wakacheka kwa wema, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyesogeza kiti. Alikaa pembeni, karibu na makoti.

Jumapili iliyofuata kwenye meza ya kuhesabu kulikuwa na watu watatu badala ya wawili. "Ni kwa kusaidia tu," alisema Papa Jean-Marie, bila kumtazama. Msaidizi alikuwa msichana anayeitwa Keren, mwenye adabu nyingi, ambaye kila alipoona Yolande anashika sarafu ya euro mbili aliinamisha kichwa kidogo kuitazama. Na si yeye tu. Wakati wa kuchenja ulipofika, watu waliokuwa wanazoa sarafu kwa viganja sasa walizichagua moja moja, wakizigeuza, wakizielekeza kwenye taa. Mzee mmoja alileta miwani.

Yolande hakuchenja siku hiyo. Alienda nyumbani na noti yake, na shuka zikakaa chafu.

*

Papa Jean-Marie alikuja nyumbani Alhamisi. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, mwenye sauti ya chini ya wale wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango wa chumba cha Hadassa, akanusa ukungu, akajifanya hajaunusa. Yolande alimwekea chai. Hakuigusa.

"Papa Séraphin, maman. Sikuja kugombana."

"Kugombana juu ya nini?" aliuliza Séraphin. "Tuko na amani."

"Juu ya ile pièce. Watu wanaongea. Mimi naulizwa kila siku. Na mimi ndiye nilisema watu wachenje, donc, kama kuna kosa, na mimi niko ndani."

"Hakuna kosa. Alitoa noti yake mbele yenu wote."

"Ni kweli. Mimi mwenyewe nilimpokea." Jean-Marie alisugua magoti yake. "Bon. Nimeona hivi. Twende kwa muntu mwenye kujua. Kuko duka moja huko karibu na Flagey, mjukuu wa mgonjwa wangu aliniambia. Twende wote watatu. Akisema ni deux euros, ni yenu, na mimi nitasimama mbele ya kanisa nifunge watu midomo. Akisema ni zaidi, tutaongea."

"Tutaongea namna gani?"

"Tutaongea kama watu wa Mungu."

"Watu wa Mungu banaongea na asilimia," alisema Séraphin. "Sema asilimia."

"Séraphin," alisema Yolande.

"Niache. Nauliza tu. Pièce mbovu ilipokataliwa na mashine ilikuwa ya Yolande. Ikipata bei, inakuwa ya Mungu. Nataka kuelewa njia ilipitia."

Jean-Marie hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimgeukia Yolande. "Maman, unaona je?"

"Twende," alisema Yolande. "Nitalala usingizi."

Mgeni alipoondoka, chai yake ikiwa imejaa vilevile, Séraphin alisimama dirishani kumtazama akivuka barabara. "Afazali isiwe na bei kabisa," alisema. "Tukose wote, tulale."

Yolande alisikia maneno hayo akiwa anamwaga chai kwenye sinki.

*

Jumamosi asubuhi Séraphin aliamka kabla ya wengine. Alikata limau, akamimina chumvi kwenye sahani, akatafuta majivu na, kwa kuwa Brussels majivu hayapatikani, akachukua soda ya kupikia. Kisha akaketi karibu na dirisha na kuanza kuisugua sarafu kwa kitambaa cha pamba, kwa miduara midogo, akiiinamia.

Kule Lubumbashi, kabla ya mizigo na mgongo, Séraphin alikuwa fundi wa shaba. Alichukua bati la shaba nyekundu akaligonga kwa nyundo kutoka nyuma mpaka likatoa picha: mwanamke anayetwanga, tembo, mlima wa mawe ya mgodi. Wageni walizinunua kwa ajili ya kuta zao. Na hakuna picha iliyotoka kwenye karakana ile bila kupitia limau na chumvi. Shaba nyeusi, mwalimu wake alimwambia, mteja ataiona kama sufuria ya mama yake. Kwa hiyo asubuhi ile hakuwaza hata kidogo. Kitu kilikuwa kinapelekwa mbele ya mjuzi, na kitu kinachopelekwa mbele ya watu husafishwa. Angeoga yeye mwenyewe, je, sarafu?

Yolande alikuwa chumbani akipiga pasi gauni. Alisikia harufu ya limau, akadhani mume wake ana mafua. Alipotoka, sarafu ilikuwa kwenye kitambaa, iking'aa kama kitu kilichozaliwa asubuhi hiyo. Kiini kilichohama kilionekana wazi kuliko mwanzo, chekundu kidogo pembeni.

"Imependeza," alisema.

"Sasa anaweza kuiona vizuri," alisema Séraphin. Mikono yake ilinuka limau, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alikuwa amekaa wima.

*

Duka lilikuwa dogo, lenye kengele mlangoni na kapeti lililochakaa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe. Aliwaambia waketi, lakini viti vilikuwa viwili, kwa hiyo Séraphin alisimama nyuma ya Yolande na Jean-Marie, kofia mkononi. Walizungumza Kifaransa, kila mmoja kwa uangalifu kuliko kawaida yake.

"Wengi wanakuja siku hizi," alisema mwanamke. "Kwa sababu ya zile video. Kwanza niwaambie: kosa la mashine lina thamani. Kosa la mkono wa mtu halina. Watu wanazibana sarafu kwa jeki huko gereji, kiini kinahama, kisha wananiletea. Tutazame."

Aliishika sarafu kwa ukingo, vidole viwili tu. Aliiweka kwenye mizani, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akatazama maandishi ya ukingoni. Kisha akavuta taa na lenzi yake, akaifuata mistari mmoja mmoja. Yolande alitazama mikono yake mwenyewe. Jean-Marie alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.

"Si jeki," mwanamke alisema hatimaye. "Njooni mwone. Mnaona huu mstari? Unatoka kwenye kiini unaingia kwenye pete bila kukatika. Maana yake kiini kilikuwa kimeshakaa vibaya wakati muhuri ulipoipiga. Mtu akikisukuma baadaye, mstari unapasuka. Hili ni kosa la kiwandani. Ni kosa la kweli."

Séraphin alishusha pumzi. Jean-Marie alisema, "Ashukuriwe Mungu," kwa Kiswahili.

Lakini mwanamke alikuwa bado hajaiweka chini. Aliigeuza chini ya taa, akaiinamisha huku na huku. Uso wake ulibadilika, kama uso wa daktari anayesoma karatasi ya pili.

"Imesafishwa," alisema.

Alisogeza lenzi hadi pembeni mwa kiini.

"Imesuguliwa. Juzi juzi tu. Naona mikwaruzo, miduara midogo mingi, na tindikali imekula rangi hapa pembeni. Nani ameifanya hivi?"

Jean-Marie aligeuza kichwa taratibu. Yolande naye aligeuka, na kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko pumzi, alimtazama mume wake kwa swali lile lile lililokuwa kwenye macho ya mweka hazina. *Tukose wote, tulale.* Kisha akaona uso wa Séraphin. Hakuwa mtu aliyefichuliwa. Alikuwa mtu aliyepigwa.

"Ni mimi," alisema Séraphin. "Nilitaka ionekane vizuri."

"Ah, monsieur." Mwanamke hakumkaripia. "Wakusanyaji wananunua ngozi ya sarafu. Ile rangi ya uchakavu ndiyo shahidi wao. Ikiondoka, hairudi."

"Ingekuwa ngapi?" aliuliza Jean-Marie.

"Ilivyokuwa? Labda quatre cents, euro mia nne. Ningepata mteja."

"Na sasa?"

"Naweza kutoa quarante. Kama kitu cha kuonyesha wanafunzi."

Quarante. Arobaini, bei ya yule mtu wa mtandaoni ambaye Séraphin alikataa kumsikiliza. Yolande alisubiri mume wake akatae, abishane, adai duka jingine. Séraphin alivaa kofia yake ndani ya nyumba ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia Yolande, "Uza."

*

Nje, uwanja wa Flagey ulikuwa umejaa soko la Jumamosi, watu na vikapu vya maua na harufu ya kuku wa kuchoma. Séraphin aliitoa pesa yote akamwekea Jean-Marie mkononi.

"Chukua. Haina asilimia."

"Papa Séraphin, ngoja."

"Chukua tu."

Jean-Marie alizishika noti kama kitu chenye moto. Aliwavuta wote wawili kando, mbali na foleni ya watu wa chipsi.

"Makuta, hii pesa, haiko shida," alisema. "Shida ni moja. Kesho wataniuliza. Wataniuliza, ilikuwa quatre cents, ikakuwa quarante, katikati ilipita nini? Nitasema nini?"

"Sema nilisafisha."

"Nikisema ulisafisha, watauliza juu ya nini, sababu gani. Papa, nisamehe, lakini na mimi nauliza. Wiki nzima imekaa, haukuisugua. Unaisugua asubuhi ya kuipeleka, baada ya mimi kusema tutaongea."

"Weye ni mtu wa Bukavu," alisema Séraphin. "Haujui shaba. Kwetu kitu ya métal hauipeleke chafu kwa mteja. Ni matusi."

"Kwetu Bukavu, kitu ambayo haijajulikana mwenyewe, hauiguse."

"Unasema niliharibu kusudi."

"Sijasema."

"Unasema. Unasema niliona Mungu atapata, nikaona afazali tukose wote." Alikuwa ameyataja maneno yake mwenyewe bila kukumbuka kwamba aliwahi kuyasema, na sauti yake ilipanda mpaka mwanamke mmoja mwenye mbwa akageuka. "Miaka yote naimba na weye, Jean-Marie. Mu kwaya moja."

"Papa, batu banatuangalia."

"Baangalie."

Yolande alimtazama mume wake: kola aliyoinyoosha yeye asubuhi, kucha zilizokuwa safi kwa sababu ya limau, mkono mmoja umeshika kiuno kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza tena. Aliona jinsi kesho itakavyokuwa. Hawatamwita mwizi. Watampa mkono, watasema *papa, Bwana asifiwe*, na kila mmoja akimwacha atajua moyoni kwamba huyu ndiye aliyechagua kumnyima Mungu. Jina la namna hiyo halifutiki. Linapita kwa watoto.

"Ni miye nilimwambia asugue," alisema.

Jean-Marie aligeuka. "Maman?"

"Asubuhi. Nilimwambia, hatuwezi kupeleka kitu kichafu mbele ya watu. Nikamupa limau. Yeye hakutaka."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ndogo, akitazama vifungo vya koti la Jean-Marie. Jean-Marie alikuwa amekaa naye mezani Jumapili zote hizo. Aliwahi kumwona akirudi kwa miguu kwenye mvua, baada ya ukumbi kufungwa, kuleta senti kumi iliyokuwa imekwama kwenye mkono wa sweta. Mabega yake yakashuka.

"Ah," alisema. "Ni weye."

"Ni miye."

"Basi imekwisha." Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Kama ni weye unasema, ni kosa tu, kosa ya kutojua. Nitawaambia hivyo. Papa Séraphin, nisamehe, tafadhali. Ni watu wananisukuma."

Alimpa Séraphin mkono, na Séraphin akaupokea kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kisha Jean-Marie akavuka kwenda kituo cha basi na ile pesa ya kanisa katika mfuko wa ndani, akitembea upesi kama mtu ambaye Jumamosi yake imeokolewa.

Wao walibaki. Muuza maua alikuwa anapunguza bei kwa sauti kubwa.

"Haukuniambia kitu asubuhi," alisema Séraphin.

"Najua."

"Ulikuwa unapiga pasi."

"Najua, Séraphin."

Séraphin alitafuta mahali pa kuketi, na palikuwa na ukingo wa jiwe, wakaketi. Kisha akauliza bila kumtazama, "Na weye? Mule dukani. Uliwaza nilifanya kusudi?"

Ingekuwa rahisi kumdanganya na yeye pia. Yolande alikuwa ameshajua jinsi uongo unavyokwenda upesi.

"Kidogo," alisema. "Kisha ikapita."

Séraphin aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu jambo na kulikuta sawa. "Ile ukuta," alisema, "tutaipaka tena dawa. Hadassa alale ku salon kwanza." Akanyoosha mkono, akamsaidia kusimama, ingawa mgongo mbovu ulikuwa wake yeye.

*

Jumapili Papa Jean-Marie alizungumza kabla ya mahubiri, kwa maneno machache. Sarafu ilipelekwa kwa mjuzi, ilikuwa imesafishwa kwa kutojua, ikauzwa, pesa imeingia, na Maman Yolande mwenyewe alieleza kila kitu. Aliposema *mwenyewe*, watu walisema amina. Cécile alilia. Akina mama walimpisha Yolande kiti cha mbele, na yule aliyemwita deux mille alimshika bega. Keren hakuwepo tena kwenye meza ya kuhesabu. Kulikuwa na viti viwili, kimoja cha Yolande.

Yolande alimwendea Jean-Marie wakati kwaya inajipanga.

"Papa, mutafute mwingine wa kuhesabu."

"Tena? Maman, imekwisha. Hakuna hata mmoja anakushuku. Umesikia amina ile?"

"Nimesikia."

"Alors?"

Alitafuta sababu ya kumpa, sababu ndogo tu, mgongo, macho, kazi. Kila aliyoipata ilikuwa uongo mwingine. "Mutafute mwingine," alisema tena, akarudi kukaa kando ya Séraphin, ambaye siku hiyo hakusimama na kwaya kwa sababu ya mgongo, naye akasogea kumpisha na hakuuliza.

Kisha sadaka ilianza. Kwa miaka mingi alikuwa amekisubiri kikapu nyuma ya ukumbi, kwenye meza, kikiwa kimeshajaa. Sasa kilikuja kutoka mbele, mkono kwa mkono, safu kwa safu. Alitia chake, akakipitisha. Kilikwenda nyuma yake, na akagundua kwamba bado anakisikia: noti haina sauti, lakini sarafu zilianguka moja baada ya nyingine, na masikio yake, bila ruhusa yake, yalikuwa yameshaanza, hii ya moja, hii ya mbili, hii ya mbili, hizi senti. Alishika kingo za kiti. Kikapu kilikuwa kimefika safu ya tatu nyuma yake na hesabu ilikuwa inaendelea. Kwaya ikaingia kwenye pambio, na Yolande, ambaye kanisa zima halikuwahi kuisikia sauti yake, alifungua kinywa akaimba kwa nguvu zake zote, ili asisikie.